Kakakuona na Paa Lililovuja

Paliondokea Kakakuona mmoja, mbishi kweli, aliyekuwa na mke, kitoto kichanga na paa la mbao lililovuja.

"Baba Tunu, mwite fundi Kigong'ota kabla mvua haijarudi," mkewe alimsihi. "Mtoto atapata homa."

"Fundi wa nini, na mimi nipo?" Kakakuona akaazima nyundo, akapanda juu.

Lakini kakakuona akishtuka hujikunja, ndivyo alivyoumbwa. Kila alipogonga msumari, kishindo kilimshtua, akajikunja na kubingirika mpaka uani.

"Shemeji," Kigong'ota akauliza kutoka mtini, "unaziba paa au unacheza mpira?"

Kakakuona akapanda tena kwa hasira, akagonga kwa nguvu zake zote. Ubao ukavunjika, naye akakwama kwenye tundu, mgongo nje, miguu ikining'inia ndani. Papo hapo mvua ikamwagika.

Aibu ilimjaa. Mwanangu ataloa, akawaza, na aliyetoboa paa ni mimi.

"Nisamehe, Mama Tunu. Ngoja nijikwamue."

"Usithubutu!" mkewe akasema huku akicheka. "Halijaingia hata tone."

Kumbe magamba yake, yaliyopangana kama vigae, yaliyamwaga maji yote pembeni. Kakakuona akatulia tuli. Mkewe akaifuta miguu yake kwa kanga, akamwinua Tunu, naye akaushika ukucha mmoja wa baba yake mpaka akasinzia.

Mvua ilipokatika, Kakakuona aliita kwa sauti ya chini, asije akamwamsha mtoto:

"Fundi Kigong'ota, hebu njoo."