Nyumba ya Mwisho wa Waya

Umeme haukuwa ukifika sawasawa nyumba ya mwisho. Waya ulikuwa umezeeka, na kila jirani aliyewasha pasi au jiko aliupunguza umeme, hata kule mwisho kwa mzee Shekuwe taa ikabaki nyekundu kama kaa. Taa si kitu. Tatizo lilikuwa mashine ya oksijeni ya mkewe, Tamasha. Ilizimika kila watu walipopika, naye akabaki anahema.

Fundi Kaselle alisimama chini ya transfoma, majirani wa pale wakamzunguka.

"Waya mpya hauji mwaka huu," akawaambia. "Naweza kupandisha nguvu hapa. Kule mwisho umeme utatosha, lakini kwenu hapa karibu utazidi. Vitu vitaungua."

Watu walitazamana. Bi Mwanduu, ambaye aliishi kwa kuuza barafu, aligeuka akalitazama jokofu lake mlangoni.

"Pandisha, kaka," akasema. "Jokofu likifa hakuna matanga."

"Na redio ya mume wangu ianze kuungua!" mwingine akadakia. Wakacheka.

Kaselle alikata umeme, akapanda, akasogeza swichi ya transfoma hatua mbili, akaurudisha. Jioni hiyo mtaa mzima ulipika na kupiga pasi. Mashine iliendelea kunguruma. Shekuwe alikaa kitandani ameshika mkono wa mkewe, akimtazama akilala mdomo umefungwa, hahemi tena.

Kufikia Ijumaa zilikuwa zimeungua balbu kumi na moja, redio mbili, feni ya kinyozi, na jokofu la Bi Mwanduu.