Mkojo Ulikubali, Damu Ikakataa

Mkojo ulisema ndiyo, damu ikasema hapana.

Mpimaji wa maabara alikisogeza kijiti cha kupimia mkojo karibu na dirisha. Mistari miwili, imekolea kama wino: kongosho linaungua. Karatasi ya mashine ya damu ilisema kongosho hilo hilo halina neno.

Vijiti vilikuwa vigeni. Mwezi huo hospitali ilikuwa ikivijaribu bega kwa bega na damu. Kijiti hujibu ndani ya dakika tano, mashine saa nzima. Mpimaji alikuwa ameshaanza kuvipenda.

Simu ya ukutani ikalia.

"Dada, nikate nisikate?" Daktari wa upasuaji hakuwa na muda wa salamu. "Kama ni kongosho, kisu changu kitammaliza mgonjwa. Kama siyo, utumbo umetoboka, na tukizubaa tunamzika."

"Nipe dakika kumi, daktari."

"Chukua tano. Na kama hicho kijiti chako kinadanganya, kesho vyote virudi vilikotoka."

Alichovya kijiti cha pakiti nyingine. Mistari miwili. Akaijaribu mashine kwa damu ya majaribio, ambayo jibu lake lilijulikana. Haikukosea hata chembe. Akasoma vibandiko: jina moja, kitanda kimoja, asubuhi moja. Mashahidi wawili, wote wakweli, na hawapatani.

Akachukua kikopo kipya na kukimbilia wodini.

Mgonjwa alikuwa fundi seremala, pande la mtu, amejikunja kitandani akinguruma. Mkewe alikaa sakafuni, kichwa amekiegemeza kwenye chuma cha kitanda, mkono wake ndani ya kiganja cha mumewe.

"Ukimsikia utadhani ndiye aliyewazaa wale wanne," mke alitania. Akataka kucheka, kicheko kikaishia njiani.

"Pole, dada. Si ukae kwenye kiti?"

"Hapa pananitosha. Wewe mwangalie baba watoto."

"Baba watoto anakufa, nyie mnapiga soga!" fundi alifoka.

"Hufi bwana. Nani atamalizia kabati la watu?"

Mlangoni troli ilikuwa imefika. Nyuma yake alisimama daktari, glavu mkononi, macho kwenye saa.

"Haya, dada. Nimwamini nani?"

Mpimaji alimgeukia fundi. Watoto wanne. Akisema kongosho na kumbe siyo, amewafanya yatima. Akisema siyo na kumbe ndiyo, vilevile.

"Kaka yangu," alimwinamia fundi, "nisaidie mkojo kidogo tu. Kama ule wa asubuhi. Nataka nirudie kipimo."

Fundi alifumbua jicho moja.

"Mwingine? Utoke wapi, dada? Hata huo wa asubuhi ulinigomea. Nilijikamua wee, tone sikuliona."

"Lakini kikopo kilikuja kimejaa."

"Nesi alikuwa anagonga mlango, haraka haraka. Mama watoto akasema tusiwacheleweshe, sisi si mwili mmoja? Akanijazia yeye." Akahema. "Au nimekosea?"

 Mpimaji alikuwa ameshapiga magoti sakafuni kando ya mke, akiita troli ya pili.