Njano ni ya Picha

"Nimekuuliza ipi ni ya sauti. Sijakuuliza ipi ni ya picha."

Akiror alisimama katikati ya sebule, mikono ya blauzi imelowa hadi viwikoni, ameshika waya wenye ncha tatu: njano, nyeupe na nyekundu. Binti yake Shallon alikuwa mbele ya kioo, gauni limeshavaliwa, hereni moja mkononi.

"Mama, wakwe wako Malaba wanavusha ng'ombe mpakani, na wewe unahangaika na gemu ya Edgar?"

"Ipi?"

"Nyeupe na nyekundu ndizo sauti. Njano ni ya picha. Lakini si umesema televisheni ibaki hapa kwa ajili ya wageni? Edgar atacheza akiangalia nini, ukuta?"

"Nitachomeka kwenye sabufa. Nataka isikike, basi."

"Bila picha hawezi kuchagua hata timu!"

"Ukiiwasha ukaiacha, si inajichezea yenyewe? Mimi nimeisikia miaka yote. Usinifundishe."

Akabeba sabufa kifuani kama mtoto, akaingia chumbani kwa Edgar, akaufunga mlango kwa kisigino.

Shallon aliuma meno. Edgar, kaka yake, alikuwa kifungua mimba. Mashine ile kuukuu, ya wakati televisheni zilikuwa bado na kisogo, ilimlisha zamani alipokuwa na kibanda cha gemu Malaba, na madereva wa malori walisahau foleni wakifungana mabao. Ugonjwa wa seli mundu ulipomlaza alirudi na mashine nyumbani Mella. Tangu hapo kelele za uwanja zilitoka chumbani mwake mpaka barabarani, na mtu akipita alijua mgonjwa yuko macho.

Shule ya Shallon iliishia kwenye dawa za Edgar. Likizo zake ziliishia kumgeuza Edgar kitandani. Aliomba siku moja tu iwe yake, na hiyo nayo mama yake alikuwa ameamka gizani kufua shuka za Edgar, sasa alikuwa anamfungia gemu.

Na siku yenyewe haikuwa ya kuchezea. Mwaka uliopita wakwe walifika mpaka langoni, wakakuta babu amekata roho asubuhi hiyo, wakageuza ng'ombe wao. Nyumba yenye maiti haipokei mahari, hilo halina mjadala. Ila mjomba mkubwa wa Lenox, mchumba wake, alirudi Busia akisema kwamba yeye hageuzwi mara mbili kwenye lango moja; mabinti wamejaa. Na gauni hili fundi alikuwa ameliachia kiunoni mara ya pili. Mwezi ujao lisingefungika tena.

Kutoka chumbani ukaja mvumo mnene, kama nyuki kwenye debe.

"Mama! Umechomeka njano!"

"Nyamaza, nabadilisha!"

Shangazi Ariokot akaingia mbio, kitenge kimemlegea. "Banange! Kantaa yao ya ng'ombe imeshafika kwenye kona! Na huyu bibi harusi mbona ananuna kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi? Cheka, mahari ipande!" Akageukia mlango wa chumbani. "Niende nimvalishe Edgar shati, awasalimie wakwe?"

Akiror alitoka upesi na kusimama mbele ya mlango. "Mwache."

"Ni shemeji yao, lazima watamuuliza."

"Nimesema mwache, Ariokot. Twende langoni." Akamtazama binti yake kutoka nywele hadi viatu, akamnyoosha ukosi. Mkono wake ulinuka sabuni ya dawa. "Wewe kaa hapa mpaka uitwe. Usiingie humo na gauni hilo."

Wakatoka. Mvumo uliendelea. Mama alikuwa ameichomoa njano na kuichomeka njano ileile.

Nje breki zililia, ng'ombe wakaita. Shallon alisikia vigelegele vikianza, na cha mama yake kikavipita vyote. Akaona aibu ya nyuki wale kuwapokea wageni. Akasukuma mlango.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Edgar alilala ameupa ukuta uso, blanketi limefika hadi kichwani, kama alivyozoea akinuna. Shallon alipiga goti, gauni juu ya sakafu, akang'oa njano, akachomeka nyeupe na nyekundu. Uwanja mzima ukalipuka chumbani: mashabiki, filimbi, ngoma.

"Haya, umepata," alisema bila kugeuka. "Hata leo ni siku yako. Nilidhani mara moja tu utasema, Shallon, leo wewe."

Akainuka, akamgeukia.

"Nasema na wewe. Nakwenda zangu leo, sitakuwepo tena kukugeuza. Huna hata neno?"

Akalivuta blanketi.

Sebuleni viatu vya wanaume vilikuwa vimeshaingia, na kicheko, na sauti ya mjomba mkubwa ikikaribia mlango. "Huyu ndiye fundi wa mpira tuliyemsikia tangu barabarani? Hodi, kijana! Bibi harusi, uko humo? Tufungulie basi tumpe mkono mgonjwa, halafu tukae tuzungumze."

Shallon alikuwa anatazama leso ya mama yake, iliyofungwa kwa fundo la nguvu kutoka kidevuni mwa Edgar hadi utosini, taya lisianguke.

"Yuko katikati ya mechi, baba," alijibu, na akaongeza sauti ya sabufa.