Vidole Gumba

"Achanisha vidole, bibi. Visigino ndivyo vigusane," alisema Tunu, mwalimu wa dansi ya baleti.

Bi Mwanakombo aliitazama miguu yake ndani ya viatu laini vya marehemu dada yake, aliyeanza kujifunza baleti uzeeni. Ilikuwa imenyooka, vidole gumba vimebanana. Hivyo ndivyo alivyozoea kuinyoosha miguu ya kila maiti aliyemwosha, kisha kuvifunga vidole kwa kitambaa. Juzi alivifunga vya dada yake. Hakulia, wala hakusikia chochote moyoni.

"Nani alikufundisha kusimama hivi?"

"Kazi yangu."

Tunu alichuchumaa, akaishika miguu ile kwa mikono yenye joto, akaigeuza taratibu mpaka vidole vikaachana. Mwanga wa dirishani ukaingia katikati.

"Vitakaa hivyo," Bi Mwanakombo aliuliza, "bila kufungwa?"

Tunu alikuwa bado hajaiachia miguu yake.