Povu Nyuma ya Friji

Jirani yetu, mama anayejua yote isipokuwa kunyamaza, anadai friji kubwa ya duka la dada ilirogwa, na kwamba mchumba wa dada, fundi anayejiita Daktari wa Baridi, aliipigania mpaka ikapona.

Ikapona! Kila mwezi inapona. Kila mwezi anakuja na mtungi, anaongeza gesi, anapokea chake, anaondoka akipiga mluzi. Na ndiye anayetuhubiria kwamba gesi hiyo ikivuja inachemsha dunia.

Leo maziwa yalichacha tena. Dada alikuwa nje akiyamwaga mtaroni, machozi yakimtoka. Daktari alikuwa anafungua mtungi wake. Mimi nilikuwa nafuta nyuma ya friji, na sponji yenye sabuni ikapita kwenye kiungo cha bomba, pale alipozungusha utepe wake wa plastiki.

Povu likavimba. Likawa kubwa kama kikombe, likapasuka. Likaanza kuvimba jingine.

"Daktari," nikamwita, "njoo umwone mgonjwa wako anavyopumua."

Akachungulia. Hata hakushtuka.

"Shemeji, nawe! Nikiziba hapo, mwezi ujao nitaitwa kwa lipi? Hewa ni ya Mungu, haijai."

Mtu mzima, na ndevu zake, anaishi kwa tundu la sindano.

Ndala za dada zikasikika mlangoni. Daktari akainama, akaninong'oneza.

"Shemeji, nakuomba. Lifute hilo povu."

Sponji nilikuwa nayo mkononi. Povu likaendelea kuvimba.