Fungu la Funguo

Kwa mara nyingine Fundi Makame alilirudisha gari gereji baada ya kulijaribu barabarani bila kuona hitilafu. Lilikuwa gari la mbio la zamani, lenye viti viwili, na ndilo pekee Ruzuna aliloondoka nalo kwenye ndoa yake. Kesho angeshuka nalo mlimani kwenda kuanza kazi mpya.

"Betri nzima, nyaya nzima," fundi alisema. "Mimi halinizimikii."

"Basi lina chuki na mimi. Jana lilinizimikia kwenye kona, fundi, usukani ukawa mgumu kama jiwe. Nitashukaje nalo?"

"Endesha wewe, mimi nikae pembeni."

Ruzuna alitia ufunguo wake, wakatoka. Kwenye tuta la kwanza injini ilizimika. Makame hakufungua boneti. Alitazama fungu zito la funguo lililokuwa likibembea chini ya swichi ya kuwashia gari. Yeye siku zote alitumia ufunguo wa akiba, ulio peke yake.

"Swichi imelika ndani. Uzito huu unaivuta, umeme unakatika. Nitakuwekea nyingine leo hii, lakini nayo utaiua hivi hivi. Hizi zote za wapi?"

"Za nyumbani kwa yule bwana. Geti, jiko, stoo."

"Bado unaingia?"

"Alibadilisha vitasa."

Jioni, swichi mpya ikiwa imefungwa, Ruzuna alichomoa ufunguo wa gari kwenye fungu, akamwachia fundi zilizobaki, akayapita matuta yote na kurudi. Injini haikuzimika. Makame alimnyooshea fungu dirishani. Ruzuna alilitazama bila kulipokea, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani.