Imetumwa

Fundi wa programu alisoma mistari ile ya programu mara ya tatu.

Mfumo wa hospitali, ulioandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, ulipaswa kumtumia ndugu wa mgonjwa ujumbe wa simu: njoo upesi, hali imebadilika. Kutuma kukishindikana, kosa lilidakwa ili mfumo usizimike. Hapo ndipo lilipotakiwa kuandikwa kwenye kumbukumbu, mtu alione. Lakini ndani ya mabano ya kudakia kosa hapakuwa na kitu, hata nukta. Mstari uliofuata ukajiandikia tu: imetumwa.

Aliyaacha wazi yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma, siku mfumo ulipotakiwa haraka. Alijiambia atarudi kuyajaza. Hakurudi.

Meneja alichungulia mlangoni. "Yule mzee yuko tena mapokezi. Mwambie mtandao ulisumbua, yaishe."

"Mtandao kusumbua ni kawaida, bosi. Sisi ndio tulioficha."

"Utajiponza, dada."

Akashuka ngazi hivyo hivyo.

Mzee alikuwa ameketi wima kwenye benchi, kofia magotini. Mkewe alifia wodi ya tatu mwaka uliopita. Hii ilikuwa mara yake ya nne kuja, na swali lake lilikuwa lile lile.

"Ule ujumbe, binti yangu. Ulitumwa, haukutumwa? Muuguzi alinionyesha kwenye kompyuta kwamba umetumwa."

Fundi akachuchumaa mbele yake. "Haukutumwa, baba. Mashine ilishindwa, ikanyamaza. Na aliyeifanya inyamaze ni mimi. Nisamehe."

Alisubiri matusi. Hata kofi angelipokea. Mzee akamkazia macho.

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba. Nimeona kwa macho yangu."

"Mama watoto alikata roho anatazama mlango."

Machozi yakamtoka fundi. "Najua. Ungeupata, ungekuja mbio."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa naye, nimemshika mkono. Namba ya kutumiwa ujumbe ule ilikuwa ya mwanetu. Aliniapia hakupata kitu, nikamwita mwongo, nikamfukuza kwenye maziko ya mama yake."